Mama Rudia na Maji ya Alhamisi

Wafiwa, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, ndugu na jamaa mliofika kutoka karibu na mbali, familia inawasalimu, inawapa pole, na inawaomba uvumilivu, maana historia hii imekuwa ndefu kuliko ilivyopangwa. Jana kwenye kikao cha familia wapo walioomba suala la mafuriko lirukwe, wakisema kaburini si mahali pake, na wapo waliosema marehemu asindikizwe na mambo yake yote, matamu na machungu, na baada ya mabishano yaliyofanya chai ipoe mezani bila kuguswa, ikakatwa kauli kwamba lisomwe. Kwa hiyo atakayekunja uso leo amkunjie msomaji, ambaye ni mdogo wake marehemu, waliyeachiana ziwa, asimkunjie aliyelala hapa mbele yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya jiko la shule ya bweni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa dereva wa lori la shule na mpishi mkuu wa shule hiyo hiyo, na jina alilopewa na wazazi halikudumu sana midomoni mwa watu, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na tabia ya kutokuamini jibu alilopewa mara moja. Ukimwambia saa ngapi, alikuuliza tena, na ukimtuma chumvi dukani akarudi na chenji, aliihesabu njiani, mlangoni, na mbele yako, hadi baba yetu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema huyu mtoto atakuja kuolewa na kalkuleta.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973, akamaliza la saba mwaka 1979, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi kidato cha sita, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1986 kusoma hesabu, akahitimu mwaka 1989, na mwaka huo huo akaajiriwa kuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari ya kutwa, ambako wanafunzi wake, na baadhi yenu nawaona hapa wenye mvi, ndio walioanza kumwita Mama Rudia, kwa sababu hata mwanafunzi aliyepata jibu sahihi aliambiwa rudia, nione kama utalipata tena. Tarehe 24 Novemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kujenga na kupaka rangi nyumba, mtu mpole mpaka mafundi wenzake walikuwa wakiazima vifaa vyake bila kurudisha, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1991, wa pili mwaka 1993, na kitinda mimba mwaka 1996, wote wako hai na wote wako hapa.

Mwaka 1998 alipata nafasi ya kusoma kompyuta nje ya nchi kwa miaka mitatu, na hapa ni lazima atajwe mama mkwe wake, maana bila yeye safari isingekuwepo. Ukoo mzima ulisema mama wa watoto watatu haachi nyumba kwenda kuchezea mashine, mawifi walisema, wajomba walisema, hata sisi ndugu zake wa damu tulisema, lakini yule bibi aliwachukua wajukuu wote watatu nyumbani kwake, katika mtaa wa bondeni, nyumba ya mwisho kabisa karibu na mtaro, akasema, "Nendeni mkalale, mkwe wangu anakwenda shule, hajaenda disko." Marehemu hakuusahau wema huo hata siku moja, na kila aliporudi likizo alianzia kwa mama mkwe kabla hajafika kwa mumewe, jambo ambalo shemeji alilivumilia kwa tabasamu la mtu asiye na la kufanya.

Alirudi mwaka 2001, akaajiriwa katika kituo cha utabiri wa mafuriko, ghorofa ya pili, kwenye chumba kisicho na dirisha chenye viyoyozi vitatu, ambamo alivaa sweta wakati sisi wengine tunajipepea kwa gazeti, na humo alifanya kazi kwa miaka ishirini na miwili. Mwanzoni kituo kilikuwa na kompyuta moja yenye kichwa kimoja, ambayo ilihitaji nusu siku kueleza mto utafika wapi, na ikishasema, mto wenyewe ulikuwa umeshapita, kwa hiyo mwaka 2014 ikaletwa mashine mpya yenye prosesa maelfu, yaani vichwa vya kuhesabia, na bonde lote likakatwa vipande, kila prosesa ikapewa kipande chake ihesabu maji yanayoingia na yanayotoka, zote zikifanya kazi kwa pamoja, na utabiri ukawa unatoka kabla kikombe cha chai hakijaisha. Watu walipiga makofi, hotuba zikatolewa, na marehemu peke yake alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameshika tama, kwa sababu alikuwa ameiendesha programu mara mbili kwa mvua ile ile, akapata majibu mawili.

Kwa sisi tusiojua mambo hayo alikuwa akieleza kwa kutumia jiko la mama yetu. Alisema, fikirieni ubao wa jikoni unaoandikwa idadi ya sahani zilizotoka, na wapishi wawili wanaopakua kwa wakati mmoja, wa kwanza anatazama ubao anasoma arobaini, wa pili naye anatazama anasoma arobaini, wa kwanza amepakua kumi anaandika hamsini, wa pili amepakua kumi na tano anafuta anaandika hamsini na tano, na hivyo watoto kumi wameshakula na kushiba lakini ubaoni hawapo. Akasema prosesa zake ndivyo zinavyofanya, zikigongana kwenye ubao mmoja maji ya kipande kizima yanafutika, na kibaya zaidi hazigongani kila siku, zinaweza kukaa wiki nzima zikiwa na adabu kama wanakwaya, kisha mara moja zinakanyagana, na hakuna anayeona.

Wenzake kazini hawakuwa wajinga wala wavivu, na familia inapenda ieleweke hivyo, bali walikuwa wameshazoea, kwa kuwa mashine za namna hiyo, hata zikiwa nzima, zikijumlisha desimali kwa mpangilio tofauti hutoa tarakimu za mwisho zinazotofautiana kidogo, hivyo kila majaribio yalipogoma waliongeza kidogo kiwango cha tofauti kinachokubalika, na mwaka uliofuata wakaongeza tena, mpaka kiwango kile kikawa kipana kiasi cha kumeza mto. Marehemu aliitafuta hitilafu ile kwa miaka minne, na alisema ni kama mwizi anayejua ukiamka, kwa sababu kila alipoweka mstari kwenye programu wa kuchapisha namba ili azione zikipita, prosesa moja ilichelewa kidogo kwa kuchapisha, ikazipisha nyingine, na mgongano haukutokea tena, akiuondoa mstari, mgongano unarudi. Mwenzake mmoja, ambaye kazini wanamwita Bwana Haraka na yupo pale nyuma akijificha, alimshauri auache tu mstari huo ndani na mambo yaishe, naye akamjibu kwamba hawezi kulala kwenye nyumba ambayo paa lake linashikiliwa na mtu aliyesimama tu hapo kwa bahati.

Tunafika sasa kwenye Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 2018. Mvua ilikuwa inanyesha milimani tangu Jumatatu, na asubuhi ile mashine ilisema mto utapanda lakini utabaki chini ya tuta la kuzuia maji, mtaa wa bondeni uko salama, mkurugenzi akashika kalamu atie saini, na marehemu akasema rudia. Wakarudia, jibu likawa lile lile au karibu yake, akasema rudia, wakarudia tena na tena huku simu zikiita na mkurugenzi akitazama saa ya ukutani, majibu yote yakiwa chini ya tuta, yakipishana kidogo kidogo, mpaka likatoka moja, moja tu, lililosema mto utavuka tuta kwa zaidi ya mita mbili na kumwagikia bondeni kabla ya saa saba mchana.

Kila mtu akasema kwa pamoja. Bwana Haraka alisema jibu hilo ni la kutupwa, mkurugenzi, ambaye ni mtu mwema na amefika leo licha ya mguu wake, alisema, "Mama, kweli unataka niwahamishe watu kwenye mvua kwa jibu moja, wakati majibu yote mengine yanakupinga?" na marehemu alijibu kwamba hapa hapigiwi mtu kura, kwamba hitilafu hii yeye hajui inakaa mstari gani lakini anaijua tabia yake, inaweza kupoteza maji kwenye hesabu, haiwezi kuyazaa, kwa hiyo kati ya majibu yote lililo kubwa ndilo lililopoteza kidogo kuliko yote, na pengine ndilo pekee ambalo halikupoteza kitu. Mkurugenzi akamwambia kwamba akikosea, lawama hiyo ni yake, akasema sawa, andika jina langu, na onyo likatoka likiwa na jina lake.

Katika mtaa wa bondeni, nyumba ya mwisho karibu na mtaro, alikuwa amelala mama mkwe wake, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia na ambaye daktari alikuwa amekataza asisogezwe hovyo kwa sababu ya kifua chake, na shemeji alikuwa naye siku hiyo. Marehemu alimpigia simu, akamwambia amtoe mama, shemeji akasema mvua hii itamuua, nje hakuna gari, barabara tope tupu, kisha akamuuliza, "Una hakika, au unakisia?" na wote waliokuwa chumbani wanasema alilitazama tena jibu lile moja, ndipo akasema, "Mtoe, baba watoto. Nakuomba. Mtoe sasa hivi."

Shemeji alimtoa. Alimbeba yeye na vijana wawili wa jirani juu ya godoro lililofunikwa turubai, wakapanda naye mpaka kwenye shule ya msingi iliyo juu ya kilima, na mtaa mzima ulipanda nyuma yao, wengine na televisheni kichwani, wengine wakimtukana aliyetoa onyo bila kujua kwamba wanamtukana mke wa mtu anayetembea mbele yao. Maji yalivuka tuta kabla ya saa saba, yakasomba kipimo cha darajani, kile cha kuonyesha kina cha mto, pamoja na nguzo yake, na hakuna mtu aliyekufa maji mtaani kote. Lakini yule bibi alilowa, alilala kwenye sakafu ya darasa, kifua kikabana, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 16 Aprili akafariki akiwa ameshikwa mkono na mkwe wake.

Sasa familia itasema lililo gumu, na inalisema kwa heshima. Watu waliporudi bondeni walikuta kwamba katika nyumba nyingi maji yalifika kwenye vifundo, kwingine magotini, na mawifi wa marehemu, wakiwa na uchungu wa mama yao, walisema mama angewekwa tu juu ya kitanda na matofali mawili, angekuwa hai, walisema mama ameuawa na maji ya magotini, ameuawa na hesabu, na tangu siku ile, kwa karibu miaka saba, hawakukanyaga nyumbani kwa marehemu, na alipowakuta kwenye harusi au msiba walimsalimia kama anavyosalimiwa karani wa ofisini. Na marehemu hakujitetea hata mara moja, kwa sababu hakuwa na cha kujitetea nacho, kipimo cha darajani kilikuwa kimekwenda na maji, na hapakuwa na namba yoyote duniani ya kumwambia kama mto ulifika pale alipousema.

Miezi mitano baadaye aliipata hitilafu. Ilikuwa sehemu ambayo zamani prosesa zilikuwa zikingojeana zamu kabla ya kuandika jumla, na mtu fulani, kwa nia njema ya kuongeza mwendo, aliiondoa zamu hiyo, akaijaribu mara chache, haikumletea shida, akaenda zake. Marehemu aliirudisha zamu, mashine ikawa nzito kiasi, wakalalamika, akawaambia wanywe chai mbili, kisha akaiendesha mvua ya Alhamisi ile upya, mara ya kwanza, mara ya kumi, mara ya mia, na kila mara ilitoka namba ile ile, jibu lile moja lililokataliwa na chumba kizima. Bwana Haraka alimkumbatia mbele ya watu, akidhani sasa mama huyu atapumua, lakini binti yake wa kwanza anakumbuka alivyorudi nyumbani jioni hiyo, akakaa jikoni na sweta lake la kazini, akasema programu inayojibu namna moja kila mara inaweza pia kuwa inakosea namna moja kila mara, na kwamba angetoa chochote kujua maji yalifika wapi kweli.

Na mtu wa kumuuliza alikuwa anaishi naye. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia katika nyumba ile ya mwisho baada ya maji, aliingia peke yake, siku mbili baada ya kumzika mama yake, akaisafisha na kuipiga rangi kabla ndugu zake hawajafika, na marehemu, mwanamke aliyekuwa anarudia kila kitu, aliyeuliza bei ya nyanya mara tatu, hakumuuliza mumewe swali hilo hata mara moja, kwa kuwa aliogopa, na hofu hiyo alimwambia ndugu yake mmoja tu, anayesoma hapa, kwamba akiuliza akajibiwa magotini, hataweza tena kumtazama mume wake usoni.

Marehemu alianza kuugua mwezi Machi 2022, alipogundulika figo zake zimechoka kwa sababu ya shinikizo la damu, akawa anasafishwa damu katika hospitali ya rufaa, ambako aliwahi kuwasumbua wauguzi kwa kutaka apimwe shinikizo mara mbili kwa kila mkono, akastaafu tarehe 30 Juni 2023, na hali yake ikabadilika ghafla mwezi Januari mwaka huu. Jumapili tarehe 2 Februari aliacha kujibu akiitwa, na Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akimwacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Leo alfajiri, nje ya chumba cha maiti, shemeji alimshika msomaji mkono akaomba neno hili lisomwe hadharani, mbele ya dada zake, naye amesema yeye mwenyewe hawezi kulisema hadi mwisho. Nyumba ya mama yake iko shimoni kuliko zote mtaani, na alipoingia siku ile mlango ulikuwa umeng'olewa, kitanda cha mama kimebanwa na maji kwenye kenchi za paa, na mstari wa tope ukutani ulikuwa juu ya dirisha, juu ya kichwa chake yeye aliyesimama. Alikaa chini akalia, kisha akausugua ule mstari na kuupaka rangi, rangi juu ya rangi, kwa sababu hakutaka dada zake waone mama yao angefia wapi, na baadaye, kila alipotaka kuwaambia, kile kitanda kilimjia machoni akashindwa, na kwa mkewe hakusema kwa kuwa alidhani mkewe anajua, yeye si ndiye aliyepiga hesabu. Watoto ndio waliomfungua macho, Jumapili ile pale wodini, kwamba mama yao hakujua. Basi akainama akamwambia sikioni, akamwambia na tena, akarudia mpaka muuguzi akaja kumwambia kwa upole kwamba mgonjwa hasikii tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimstahi hata alipowakagua, inamshukuru mkurugenzi na wafanyakazi wote wa kituo, ambao wawili kati yao wamebaki kazini leo kwa sababu milimani kunanyesha, na inawashukuru majirani wa mtaa wa bondeni, mliochimba kaburi hili tangu jana na kukataa kupokewa jembe. Inawashukuru pia mawifi wa marehemu kwa kufika. Kiti kilicho karibu na kaka yenu kiko wazi.

Pumzika, dada, sasa kwa amani. Maji yalifika pale ulipoyasema.